Muhogo wa Ndani na Muhogo wa Nje: Vuli na Heshima ya Chakula Visiwani

Wafasiri wengi, wanapokutana na yale majira ya Ulaya ambayo majani ya miti hugeuka rangi na kupukutika kabla ya baridi, huyaita vuli. Hawana lawama, kwani miezi inakaribiana. Lakini kwa mtu wa Unguja au wa Pemba, vuli haina habari ya majani makavu. Ni mvua fupi za baina ya Oktoba na Disemba, zinazokuja pale pepo za kusi zinapolegea na kaskazi haijashika. Ardhi iliyokaushwa na kipupwe na jua la Septemba hulainika, maembe huanza kuiva, na mkulima hushika jembe kwa mara ya pili katika mwaka. Vuli yetu ni majira ya kuchipuza.

Hata hivyo kuna kitu kimoja ambacho hupukutika katika vuli hiyo hiyo, nacho ni akiba ya mchele. Mpunga wa mvua visiwani hupandwa kuelekea masika na kuvunwa katika miezi ya Juni na Julai. Kufika Oktoba, nyumba ya mkulima mdogo aghalabu imekwisha kula sehemu kubwa ya kile ilichovuna, na kilichopandwa kwa mvua mpya bado ni miche. Baina ya ghala lililopungua na shamba lisilokomaa kuna nafasi, na nafasi hiyo kwa karne mbili sasa imezibwa na muhogo. Mihogo haisubiri mavuno ya siku moja. Hukaa ardhini miezi tisa, mwaka, na baadhi ya aina zaidi ya hapo, ikimngoja mwenyewe aje na jembe siku anayotaka.

Mtu angetaraji kwamba kitu kinachomwokoa binadamu kila mwaka kingepewa heshima yake. Mambo hayako hivyo. Muhogo uliochemshwa ukaletwa juu ya jamvi wakati wa chakula cha mchana humfanya mwenye nyumba amwombe radhi mgeni wake. Mtu aliyeshiba muhogo, akiulizwa kama amekula, huweza kujibu bila ya kusema uongo wowote kwamba hajala, kwa maana hajala wali. Lakini muhogo huo huo ukikaangwa, ukatiwa chumvi, pilipili na ndimu, ukauzwa kando ya bahari baada ya magharibi, watu huufuata kwa miguu na kuulipia, na wala haoni mtu haya kuonekana anautafuna. Makala haya yanakusudia kuuliza kwa nini muhogo wa ndani uone haya na muhogo wa nje utembee kifua mbele. Jawabu lake halipatikani katika ladha. Linapatikana katika historia.

Tuanze na mshindani wake. Wali si mgeni wa jana katika visiwa hivi. Wanaakiolojia waliochimba kaskazini mwa Pemba, pahala panapoitwa Tumbe na jirani yake Chwaka, walikusanya mbegu zilizoungua katika mioto ya kale na kuzichambua. Huko Tumbe, mji uliokaliwa baina ya karne ya 7 na ya 10, nafaka iliyotawala ilikuwa uwele, na mchele ulikuwapo kwa uchache. Huko Chwaka, mji uliostawi kuanzia karne ya 11 hadi kiasi cha mwaka 1500, mchele ulikuwa umechukua nafasi ya mbele. Baina ya miji hiyo miwili biashara ya bahari ilikua na misikiti ya mawe ikajengwa. Wali, kwa hivyo, ulipanda cheo pamoja na mji. Ulikuwa chakula cha karamu na cha kumkirimu mgeni, kabla haujawa chakula cha kila siku.

Msafiri Ibn Battuta, aliyepita pwani hii mwaka 1331, alitia muhuri juu ya jambo hilo. Mogadishu alikirimiwa wali uliopikwa kwa samli, juu yake vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga, na pembeni ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, achari ya malimau, tangawizi na embe. Alipofika Mombasa hali ilikuwa nyingine. Anaeleza kwamba kisiwa hakikuwa na nafaka yake, zikiletwa kutoka bara ya pwani, na kwamba watu wake walikula zaidi ndizi na samaki. Anaeleza pia desturi ya Mogadishu ya kila mfanyabiashara anayeteremka chomboni kupokewa na mwenyeji wake na kukaa nyumbani kwake. Jambo hilo lina maana kubwa kwa mazungumzo yetu. Katika miji ile mgeni hakwenda kutafuta chakula mahali pa kuuziwa. Alikula kwa mtu. Kula nje ya nyumba yako kulikuwa ni kula ndani ya nyumba ya mwenzako, na mwenye nyumba alilazimika kutoa kilicho bora, nacho kilikuwa wali.

Muhogo haukuwapo katika sinia zile. Asili yake ni Amerika ya Kusini, na ulivuka bahari baada ya Wareno kufungua njia zao mwishoni mwa karne ya 15. Huku kwetu ulienea zaidi katika karne ya 18 na ya 19, na hapo ndipo ulipokutana na karafuu. Kukutana huko ndiko kulikoupa jina baya.

Kabla ya karafuu, Pemba ilikuwa ghala la mchele la Mombasa. Mashua zilivuka na nafaka, na kisiwa kikajulikana kwa rutuba ya mabonde yake. Katika miaka ya 1830 na 1840, pale Sayyid Said alipohamishia makao yake Unguja na kuwahimiza matajiri wapande mikarafuu, ardhi nzuri ilianza kubadilisha kazi. Mkarafuu hauliwi. Kila kilima kilichofunikwa kwa mikarafuu kilihitaji watu wa kukipalilia na kukichuma, na watu hao walihitaji kula. Visiwa vilivyokuwa vikitoa mchele vikawa vinauagiza. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja na kuiachia Pemba uongozi wa zao hilo, lakini hakikurudisha mpunga mahali pake. Tokea hapo mchele wa visiwani umekuwa ni jambo la meli.

Waliochuma karafuu hizo walikuwa, kwa sehemu kubwa, watumwa. Desturi ya mashamba ya Unguja ilikuwa kumpa mtumwa kipande cha ardhi na siku mbili za juma, Alhamisi na Ijumaa, ajilimie chakula chake mwenyewe. Mtu mwenye siku mbili tu hawezi kupanda mazao yanayodai kulindwa na ndege kila asubuhi na kuvunwa kwa wakati maalumu. Hupanda muhogo. Basi muhogo ukawa chakula cha yule ambaye saa zake si zake. Wakati huo huo, katika majumba ya mjini, sahani zilikuwa za namna nyingine kabisa. Sayyida Salme, binti yake Sayyid Said aliyezaliwa mwaka 1844 na kuchapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886, anaeleza wali uliopikwa kwa namna mbalimbali, nyama na mikate, katika nyumba ambayo jiko lake halikulala. Umbali baina ya jiko lile na kipande cha ardhi cha Alhamisi na Ijumaa haukuwa mkubwa kwa miguu, lakini vyakula vyake vilikuwa vimekwisha kugawana watu.

Hali ya kisheria ya utumwa ilifutwa Unguja na Pemba mwaka 1897. Aliyetoka katika utumwa alitaka kuonekana ametoka. Alibadilisha nguo, na wengi wakabadilisha hata jina la kabila lao. Si ajabu kwamba alitaka pia kubadilisha sahani. Sahani ya wali mbele ya watoto wake ilikuwa hati yake ya uhuru, na kurudia muhogo, hata kwa siku chache za vuli, kulikuwa ni kukumbushwa jambo alilotaka lisahauliwe. Hapo ndipo penye mzizi wa ile aibu. Mtu haoni haya kwa ajili ya mmea. Huona haya kwa ajili ya mkono uliomlazimisha kuula.

Tuingie sasa jikoni, maana historia ya chakula isiyofika mafigani hubakia hadithi ya meli na masultani. Jiko la vuli lina taabu zake. Kuni zimelowa na hutoa moshi kabla ya kutoa moto, kwa hivyo mpishi hutegemea vifuu na makumbi aliyoyaweka kavu chini ya uvungu. Muhogo humenywa, hupasuliwa, hutolewa ule uzi wa katikati na kuoshwa. Nazi hukunwa kwa mbuzi, ikakamuliwa katika kifumbu, na tui la mwisho lililo jepesi ndilo linaloanza kuuivisha muhogo chunguni pamoja na chumvi, kitunguu na pilipili mbichi. Tui zito hungojea mpaka muhogo umelainika, ndipo linapomiminwa na moto kupunguzwa, kwani likichemka kwa nguvu hukatika. Majani nayo hayatupwi. Kisamvu hutwangwa kwenye kinu mpaka kilainike, kikachemshwa kwa muda mrefu, ndipo kikaungwa kwa nazi. Kuchemsha huko si kwa ajili ya ladha peke yake. Muhogo na majani yake vina sumu ya asili ya sianidi, kidogo katika aina tamu na nyingi zaidi katika aina chungu, na wanawake waliojua kuloweka, kuanika na kuchemsha kwa kipimo walikuwa na elimu ambayo haikuandikwa popote. Walioanika makopa juani kabla ya mvua kushika walikuwa wanaihesabu vuli tangu Agosti.

Ukiitazama kazi hiyo, utaona kwamba chungu cha muhogo wa nazi hakipungukiwi na ustadi mbele ya chungu cha wali. Kimepungukiwa na hiari. Yule mama hakuupika kwa sababu ameuchagua, ameupika kwa sababu mchele umekwisha. Na watu wazima waliokaa kuuzunguka walilijua hilo, hata kama hakuna aliyelitamka.

Je, huko nje? Kula nje, kwa maana ya kununua chakula kilichopikwa na mtu usiyemjua, kulikuja visiwani kupitia kwa watu wasiokuwa na jiko. Mabaharia wa majahazi waliongojea upepo ugeuke, wachukuzi wa bandarini, wapagazi waliokuwa njiani kwenda au kurudi bara, vibarua wa uchumaji wa karafuu. Hao ndio walionunua muhogo wa kuchoma, samaki wa kukaanga na kikombe cha kahawa njiani. Mtu mwenye nyumba, mwenye mke na heshima ya mtaa, hakutarajiwa kuonekana akila barabarani. Barazani alikunywa kahawa na kula haluwa, naam, lakini chakula chenyewe kilimngoja nyumbani chini ya kawa. Soko la Darajani lililojengwa mwaka 1904 lilileta pamoja samaki, nyama, matunda na nafaka baina ya Mji Mkongwe na Ng'ambo, na palipo na soko pana watu wenye njaa waliotoka mbali. Kidogo kidogo chakula cha njiani kikapata wateja waliokuwa na majiko yao.

Lakini ni nani aliyekipika? Hapa historia inatuchezea, kwa sababu aliyeonekana akiuza si lazima awe ndiye aliyepika. Wanawake wengi wa mjini ambao desturi iliwaweka ndani walipika nyuma ya milango yao vitumbua, maandazi, mikate ya kumimina na muhogo wa kukaanga, kisha wakawapa watoto wauzungushe mtaani juu ya chano. Yaani kile tunachokiita chakula cha nje kilitoka katika mafiga yale yale ya ndani, na kwa mikono ile ile. Mvua ya vuli ndiyo iliyolifichua jambo hili. Mvua ikinyesha jioni, mtoto haendi mbali, na mteja mwenye haraka huja mwenyewe kubisha mlango. Fedha iliyopatikana kwa muhogo uliouzwa nje ilinunua mchele wa kupikwa ndani. Muhogo, kwa hivyo, ulitoka mlangoni kwa siri ili wali uingie kwa heshima.

Mizani hii ilitikiswa vibaya katika Vita vya Pili vya Dunia. Sehemu kubwa ya mchele wa visiwani wakati huo ilitoka Burma. Machi 1942 Wajapani waliiteka Rangoon, na mlango huo ukafungwa. Serikali ya kikoloni ilianzisha mgao, na mgao huo uliwapanga watu kwa makundi ya asili: waliohesabiwa kuwa ni Waasia na Waarabu walitambuliwa kama walaji wa mchele, na walioandikwa Waafrika wakaelekezwa kwenye vyakula vyengine. Afisa wa ugavi alidhani anafuata desturi tu. Kwa hakika alikuwa anaigeuza kuwa sheria. Mtu ambaye babu yake alilazimishwa kula muhogo na bwana wa shamba sasa alilazimishwa na karatasi, na jina la kabila aliloandikiwa likawa ndilo linaloamua kitakachowekwa chunguni mwake. Anayetaka kufahamu kwa nini maneno ya asili na kabila yalikuwa makali sana katika siasa za Unguja za miaka ya 1950 asiishie kusoma hotuba za vyama. Apite pia kwenye foleni za mchele.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 foleni zilirudi, kwa sababu nyingine. Serikali ilishika mikononi mwake biashara ya nje, ikapunguza uagizaji wa vyakula na kuwataka wananchi wajitegemee kwa mazao yao. Fedha za kigeni zilizotokana na karafuu ziliwekwa akiba, ilhali mchele, unga wa ngano na sukari vilikuwa haba madukani. Lengo la kujilisha halikuwa baya. Visiwa vilivyokuwa na ghala kabla ya karafuu vina haki ya kulitamani tena. Lakini lilikuja kama amri, na lilikuja juu ya watu waliokwisha kulazimishwa mara mbili. Waliokuwa watu wazima wakati huo, wakizungumzia mwisho wa miaka ya 1960 na mwanzo wa miaka ya 1970, aghalabu hawasemi walikula muhogo. Husema walikosa chakula.

Hata hivyo ndani ya miaka hiyo hiyo kuna tukio la kalenda linalofaa kutazamwa. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku kumi au kumi na moja kuliko mwaka wa jua, kwa hivyo Ramadhani huzunguka majira yote na kurejea mahali pake baada ya miaka kama 33. Tokea katikati ya miaka ya 1960 hadi mwanzo wa miaka ya 1970 mwezi mtukufu uliangukia vuli. Ule wa 1971 ulianza Oktoba. Na Ramadhani ndiyo mahakama ambayo muhogo hushinda kesi yake. Futari ya visiwani haikamiliki kwa wali. Futari ni muhogo, viazi vikuu, majimbi, ndizi mbichi na shelisheli, vikipikwa kwa nazi, chumvi kwa vyengine na sukari kwa vyengine. Sahani hizo husafiri kutoka nyumba hadi nyumba zikiwa zimefunikwa, na huliwa na tajiri na maskini saa ile ile. Hakuna anayeomba radhi kwa muhogo wa futari. Wakati uhaba ulipoubana mji wote, jamii ilikuwa na mwezi mmoja ambamo chakula cha uhaba kilikuwa pia chakula cha ibada na cha ukarimu, kwa hivyo kiliweza kuliwa pasi na fedheha.

Mfano huu unatosha kuvunja hoja ya wanaosema kwamba muhogo unadharauliwa kwa sababu hauna ladha, au kwa sababu ni mizizi ya ardhini. Tui la Ramadhani halina tofauti na tui la Rajabu. Kilichobadilika ni kwamba watu wote wamekubali kuula pamoja, na hakuna aliyeachwa peke yake na sahani yake. Wahenga walisema akipenda, chongo huita kengeza. Kupenda huko hakuji kwa kuhubiriwa. Huja pale mtu anapokuwa na njia ya pili na bado akaichagua hii.

Njia ya pili ilifunguliwa mwaka 1984 na kuendelea, pale biashara ilipolegezwa wakati wa uongozi wa Ali Hassan Mwinyi visiwani. Mchele ulijaa tena madukani kutoka Asia, na ngano pia. Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo mtu asiyejua historia angelistaajabia. Muhogo ambao haukuwa tena wa lazima ulianza kutafutwa. Katika bustani ya Forodhani, iliyotengenezwa katika miaka ya 1930 mbele ya Ngome Kongwe na kuitwa kwanza kwa jina la jubilii ya Sultani, wauzaji waliweka meza na karabai zao jioni, na familia zikatoka kwenda kula. Mishikaki, pweza, maji ya miwa, mikate ya kumimina, na muhogo. Wanawake nao, ambao mabibi zao walipika ndani ili wengine wale nje, wakakaa juu ya ukuta wa bahari pamoja na waume na watoto wao, wakala. Katika bakuli la urojo muhogo ulipata cheo kingine kabisa: umekatwa mwembamba, umekaangwa mpaka ukakauka na kunyunyizwa juu ya viazi, bajia na ule mchuzi wenye ukali wa embe. Mombasa nako, kisiwa kile ambacho Ibn Battuta alikikuta hakina nafaka, watu hukusanyika jioni ufukweni mwa Mama Ngina kula muhogo wa kuchoma na wa kukaanga, uliopasuliwa na kupakwa pilipili na ndimu.

Forodhani ilifungwa kwa matengenezo na kufunguliwa tena mwaka 2009, baada ya kazi iliyosimamiwa na Wakfu wa Aga Khan wa Utamaduni. Taa ziliongezeka, vijia vikatengenezwa, na wageni wa nje, ambao idadi yao iliongezeka baada ya Mji Mkongwe kuingizwa mwaka 2000 katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia, wakawa sehemu kubwa ya wateja. Mgeni huyo haletwi tena nyumbani kwa mwenyeji kama alivyoletwa Ibn Battuta. Analishwa nje, na bei ya kumlisha yeye huvuta juu bei ya kumlisha jirani. Anayetaka kupima ni nani mwenye Forodhani asitazame maandishi ya mlangoni. Atazame kama baba wa Ng'ambo mwenye watoto wanne anaweza bado kuwaleta jioni moja ya vuli, mvua ikipumzika, wakala muhogo na wakarudi bila ya deni.

Msomaji anaweza kuuliza kama haya yote yana uzito wowote zaidi ya mazungumzo ya baraza. Yana uzito, na vuli za karibuni zimeuonesha. Oktoba 2007 India ilianza kubana usafirishaji wa mchele wake, na mwaka 2008 bei ikapanda duniani kote. Julai 2023 nchi hiyo ilizuia kuuza nje mchele mweupe wa kawaida, na zuio hilo halikuondolewa mpaka Septemba 2024. Kisiwa kinachongojea meli hutikiswa na kila neno linalosemwa Delhi, kama kilivyotikiswa mwaka 1942 na majeshi yaliyoingia Rangoon. Nao muhogo, ambao ungekuwa kinga yetu, una maradhi yake. Batobato hukunja majani yake, na michirizi ya kahawia, iliyoelezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1936 na H. H. Storey wa kituo cha Amani, Tanga, huozesha mzizi ardhini wakati majani yanaonekana mazima. Mkulima huja na jembe lake katika vuli, akafukua, na akakuta amehifadhi uozo. Watafiti wa visiwani wamejibu kwa kutoa mbegu zinazostahimili, mojawapo ikiitwa Kizimbani kwa jina la kituo ilikotoka. Kazi hiyo ni ya thamani.

Lakini mbegu peke yake haitoshi, kwani mbegu hupandwa na mtu mwenye kumbukumbu. Kila inapotokea shida ya mchele husikika sauti zikiwataka wananchi waache makuu na warudi kwenye vyakula vya asili. Wasemao hivyo, wengi wao wakiwa wamekwisha kula wali, hawafahamu kwa nini hawasikilizwi. Wanayarudia, bila ya kujua, maneno ya bwana shamba, ya afisa wa ugavi na ya zama za foleni. Muhogo umekuja visiwani mara tatu kama amri, na kila mara ukaacha kovu. Umekuja kama hiari mara mbili tu, katika sahani ya futari na juu ya ukuta wa bahari, na mara zote mbili ukapendwa.

Somo lake ni jepesi kulitaja, ingawa kulitekeleza ni kazi. Anayetaka muhogo uheshimiwe ndani aanze kwa kumwezesha mtu kuukataa. Mchele ukiwa na bei ya kufikika, mbegu nzuri ikiwapo, na yule mama anayekaanga nyuma ya mlango wake akilipwa thamani ya kazi yake, muhogo utajipandisha wenyewe kutoka mtaani mpaka jamvini. Mwanzoni mwa miaka ya 2030 Ramadhani itaingia tena katika vuli, kama ilivyoingia mwaka 1971 na kama ilivyoingia mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mvua zitakuwa zinanyesha, kuni zitakuwa zinatoa moshi, na sahani zilizofunikwa zitapita tena baina ya milango. Watakaozipokea hawatauliza kilichomo kabla ya kushukuru. Ingefaa vuli zilizobaki, zisizokuwa na Ramadhani, zijifunze kwa hiyo.